Zimebaki siku 33 niingie mbio za mlimani km 42, naomba ushauri wa raba na fimbo

MwanaTambarare
Wakuu, habari zenu. Nimejiandikisha mbio za mlimani, kilomita 42, jumla ya kupanda ni mita 2,600. Nilishakimbia maratoni moja ya lami nikamaliza kwa saa 4 na dakika 10, kwa hiyo pumzi ipo. Shida ni kwamba ninapoishi ni tambarare tupu, kilima cha karibu ni safari ya nusu siku. Hata hivyo sijalala, kila wiki napanda mita 1,000 mara mbili. Naomba mnisaidie mambo mawili tu: raba za meno marefu au mafupi? Na zile fimbo mbili za kupandia zinasaidia au ni mzigo? Usingizi umenipotea kabisa, nikifumba macho naona mteremko.

KipandeChaJana
Mlima wangu mimi ni kutoka kitandani saa kumi na moja alfajiri. Nakaa hapa kufuatilia, ngoja waje wajuzi.

Mzee wa Kilele
Achana na raba, ongelea jaketi. Mbio zangu za pili mlimani tuliondoka jua linawaka, nikaona jaketi la mvua ni gramu za bure, nikaliacha hotelini. Ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi 6 hivi, na hapo upepo haujaanza. Mvua ikanikuta mgongoni mwa mlima pasipo na mti wala jiwe la kujikinga. Nina chakula mfukoni na njaa ninayo, ila vidole vimekufa ganzi, nashindwa kufungua zipu. Nikaing'ata kwa meno. Aliyeniokoa ni mkimbiaji wa nyuma yangu, alinifungulia akanivalisha na blanketi lake la kung'aa. Mei 2021 kule Gansu, China, wakimbiaji 21 walikufa kwenye mbio za kilomita 100. Ni baridi iliyowamaliza. Mwanangu, beba jaketi, filimbi na taa ya kichwa hata kama kanuni hazikulazimishi.

dadaMkimbiaji
Fimbo chukua, ila usizishike kwa mara ya kwanza siku ya mbio, mabega yatawaka moto kabla ya kituo cha pili. Na mapaja uyaandae kwa kushuka. Kupanda kunachosha pumzi, kushuka kunachana misuli, kwa sababu paja linavutika huku limebeba uzito wako. Mazoezi ya kushuka hata mara moja yanakinga kwa wiki kadhaa. Hatua fupi za harakaharaka, usiegemee nyuma.

Mja Mnyenyekevu
Mwili ni amana. Mtu analipa pesa yake akateseke siku nzima porini huku nyumbani wanasali arudi salama. Tembeeni jioni, inatosha.

Nanyoosha Misuli
Mleta uzi, kazi yangu ni kuwarudisha wakimbiaji barabarani, na sijawahi kuona mtu akikosa usingizi kwa ajili ya meno ya raba. Unaumwa wapi?

MwanaTambarare
Siumwi mkuu. Ni ugoko wa kushoto tu unakaza mwanzoni, nikishapata joto unaachia. Wakimbiaji wengi wanayo hiyo. @dadaMkimbiaji asante sana, fimbo nimeshaziagiza.

Nanyoosha Misuli
Pitisha kidole kimoja juu ya mfupa wa ugoko, taratibu, kutoka gotini hadi kifundoni. Maumivu yametapakaa au yako mahali pamoja? Usiku je? Na unameza nini?

MwanaTambarare
Mahali pamoja, kama kitufe cha shati. Usiku panagonga. Nameza ibuprofen, dawa ya maumivu, kabla ya mazoezi, wiki ya tatu sasa, ila si kila siku.
Najua mtaniambia nende kwa daktari. Nikienda ataniambia pumzika wiki sita, na mbio zitakuwa zimepita. Ada nimelipa, likizo nimeomba, tiketi nimekata, ofisini wote wanajua. Mpango wangu ni nimalize kwanza, halafu nipumzike hata miezi mitatu. Naomba turudi kwenye raba.

Fundi Hesabu
Wakuu, hii ni chai, na sukari imezidi. Post ya kwanza: anaishi tambarare, kilima ni safari ya nusu siku. Post hiyohiyo: anapanda mita 1,000 mara mbili kwa wiki. Anapanda nini, nguzo ya umeme? Tumepewa hadithi, na maumivu yameongezwa baadaye tumhurumie.

KipandeChaJana
Hata mimi nilishtuka. Tupia picha ya saa yako tuone.

Mja Mnyenyekevu
Uongo nao ni mzigo wa kubeba mlimani.

MwanaTambarare
Sina sababu ya kuwadanganya. Jengo ninalofanyia kazi lina ghorofa 12, kila moja mita 3, jumla mita 36. Napanda mara 28. Nikianza naweka kokoto 28 mfuko wa kulia, kila nikifika juu nahamishia moja mfuko wa kushoto, maana nilikuwa nachanganya hesabu. Saa 2 na dakika 20 hivi. Mlinzi wa usiku ananifahamu, huwa ananiwashia taa za ngazi.

Fundi Hesabu
36 mara 28 ni 1,008. Naomba radhi mkuu, nimekukosea. Mtunga chai asingekumbuka kokoto.

Nanyoosha Misuli
Na kushuka unatumia lifti au ngazi?

MwanaTambarare
Ngazi, kwa kukimbia. Si mmesema kushuka ndiyo dawa ya mapaja?

Nanyoosha Misuli
Basi maradhi tumeyaona. Kila ghorofa ina ngazi ngapi, 18? Hiyo ni 216, mara 28 ni zaidi ya 6,000 za zege kwa jioni moja, mara mbili kwa wiki, na mguu unatua palepale kila mara. Mlimani udongo unabadilika, hatua zinabadilika. Mfupa hujijenga upya ukipata muda, usipopata unapasuka ufa mwembamba. Maumivu ya kitufe, yanayogonga usiku, ndivyo ufa unavyojitangaza. Siwezi kuthibitisha nikiwa hapa, na eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haioni kitu, kwa hiyo mwambie daktari hayo ya kidole na ya usiku, aone kama kuna ulazima wa MRI, kile kipimo cha picha kinachoona hadi ndani ya mfupa. Ukikimbia na ufa wa ugoko, unaweza kuwa mvunjiko kamili. Ibuprofen kwenye mbio ndefu huku mwili umekaukiwa maji inaumiza na figo.

Fundi Hesabu
Nilipe deni langu kwa hesabu. Kanuni ya Naismith ya mwaka 1892: mtembea mlima anaenda kilomita 5 kwa saa, na kila mita 600 za kupanda unaongeza saa moja. Kilomita 42 ni saa 8 na dakika 24, mita 2,600 ni saa 4 na dakika 20. Jumla saa 12 na dakika 44. Wewe unakimbia, sema utumie saa 8 au 9. Nguvu ya ibuprofen ni saa 4 hadi 6. Itaisha uko juu, na kilichobaki ni mteremko.

dadaMkimbiaji
Mimi nilikimbia na ufa wa kisigino kwa sababu ya fulana ya kumaliza mbio. Wiki sita zikawa miezi saba, na fulana ninayo, siipendi hata kuiona. Soma kanuni za waandaaji, nyingine zinaruhusu kuhamisha nafasi.

MwanaTambarare
Nimesoma. Kuhamishia mwakani inaruhusiwa hadi siku 21 kabla, kwa hiyo nina siku 12 za kuamua. Nimeruka kwa mguu wa kushoto mara tatu hapa sebuleni, ya tatu nimeshindwa kutua. Nafasi ya daktari nimepata Alhamisi. Leo ngazi sipandi. Ila tiketi sijaifuta, nasema ukweli. Na kwenye kurasa zote hizi hakuna aliyenijibu, meno marefu au mafupi?

Mzee wa Kilele
Tope, marefu. Mwamba, mafupi. Alhamisi utuletee mrejesho.