Ukoo wa Mzee Salehe: chakula cha Baba Mkubwa

Zuhura: Asalaam alaykum. Majibu ya Baba Mkubwa yametoka. Bikabonati, ile inayopunguza asidi kwenye damu, ni 17 tu, damu imejaa asidi. Na albumini, protini ya kwenye damu, imeshuka.

Shangazi Mwana: Waalaykum salaam mwanangu. Isije ikawa ndimu ninayomkamulia kwenye mchuzi?

Zuhura: Hapana shangazi, ndimu haihusiki. Mwili ukishavunja chakula, hasa nyama, samaki na mayai, hubaki asidi. Figo nzima huitoa kwa mkojo. Zake haziwezi, kwa hiyo inarundikana tangu anaposhuka kwenye mashine ya kusafisha damu mpaka siku ya kurudi.

Idi: Basi tuendelee kumkataza nyama. Hata ile karatasi ya kliniki ilisema apunguze protini.

Zuhura: Karatasi ile ni ya kabla hajaanza kusafishwa damu, kaka. Sasa mambo yamegeuka. Asidi ikizidi, mwili unavunja misuli yake wenyewe, na mashine nayo kila mara inaondoka na protini kidogo. Ukimnyima nyama juu ya hayo, anakwisha. Mwongozo wa lishe ya wagonjwa wa figo, wa KDOQI wa Marekani wa 2020, unataka gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Yai zima lina kama 6 tu. Kwa uji na chai ya rangi hafiki hata robo.

Mama Hadija: Mbona kwenye daftari uzito ni uleule?

Zuhura: Ni maji, mama. Misuli imepungua, maji yameshika nafasi yake, mzani hauoni tofauti. Mtazame mikono na mashavu. Nitamwomba daktari aupime upya uzito kavu, yaani uzito wake bila maji ya ziada.

Idi: Jirani anasema tumpe magadi kidogo kwenye maji, yanaua asidi.

Zuhura: Tafadhali msimpe! Magadi yana sodiamu, atashikwa na kiu, atakunywa, maji yatamjaa mpaka kwenye mapafu. Vidonge vya bikabonati vipo, ila aamue daktari. Dawa kubwa ni mashine yenyewe, maji yake yana bikabonati inayoingia kwenye damu. Mwongozo uleule unataka ya kwenye damu ikae 24 hadi 26. Alhamisi anapelekwa na nani?

Idi: Mimi. Ikifika saa ya tatu kwenye mashine anaomba ashushwe, tuwahi basi.

Zuhura: Amalize saa zote nne, Idi. Ile saa moja ndiyo asidi na potasiamu anazorudi nazo nyumbani.

Idi: Sawa. Tutapanda basi la jioni.

Baba Mkubwa: Nimo humu nasoma. Nyama naitaka, sema kila nikinyoosha mkono sahani inaondolewa.

Shangazi Mwana: Pole kaka yangu. Tulikuwa tunakuhofia. Kesho changu wa kuchoma.

Zuhura: Vizuri shangazi, chumvi kidogo sana. Asubuhi mayai mawili, ute wake hauna fosforasi nyingi, ambayo nayo figo zake haziwezi kuitoa. Dagaa wasiwe kila siku, mifupa yao ina fosforasi. Mchicha na viazi katakata, chemsha, mwaga maji yale yaliyobeba potasiamu, ndipo uunge. Na akianza kupumua kwa kasi au kulegea, msingoje Alhamisi, apelekwe hospitali hapohapo.

Mama Hadija: Mayai nanunua mimi, trei nzima. Idi pitia jioni.