Naomba ushauri: alama za PHQ-9 (dodoso la dalili za sonona) zimeegemea upande mmoja, nifanye rigresheni?

Habari wakuu. Naandika tasnifu ya uzamili ya saikolojia, naangalia kwa rigresheni (njia ya kutabiri kitu kimoja kutokana na kingine) kama saa za usingizi zinatabiri dalili za sonona kwa wanafunzi. Nimetumia PHQ-9, alama 0 hadi 27, na wengi wamerundikana chini ya 5. Msimamizi anasema lazima alama zenyewe ziwe na mgawanyo wa kawaida (umbo la kengele). Nilivyosoma mimi, sharti hilo linahusu mabaki (tofauti kati ya alama halisi na zile modeli inazotabiri), si alama.

Nimechora mabaki kwenye programu ya takwimu ya SPSS: kushoto yamebanana, kulia yametanuka kama tarumbeta. Hapo ndipo ninapopata hofu kweli, maana makosa sanifu (kipimo cha uhakika wa makadirio) hayaaminiki tena. Nitumie HC3 (njia ya kukokotoa makosa sanifu inayostahimili mtanuko huo), au nibadilishe alama kwa logi? Sifuri ni nyingi, na logi ya sifuri haipo. Na msimamizi nimweleze vipi bila kumvunjia heshima? Rasimu naiwasilisha Ijumaa.