Kampeni yetu ya anga imeuawa na dadu ya pande 20, na nimechoka kunyamaza

Wakuu, salamu baadaye. Leo nina hasira.

Tuko watano hapa Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, tunacheza gemu za kuigiza mezani kila Jumapili nyuma ya duka la mwenzetu. Mwaka huu tukakubaliana tuhamie anga za juu: meli, sayari, magendo. Nikapendekeza Traveller. Nikaenda mwenyewe Nasser Road kuchapisha kurasa za kanuni, elfu 35 za mfukoni mwangu, nikapitia soko la Owino kununua dadu za ludo. Hiyo gemu ya tangu 1977 haidai kingine. Unarusha dadu mbili, unajumlisha na ujuzi wako, ukifikisha 8 umefaulu.

Tukacheza vikao vitano, vitamu hasa. Cha sita, mwendeshaji wetu, yule anayesimulia hadithi na kuamua matokeo, anaingia na simu mkononi: "Jamani, tunahamia Starfinder, gemu nyingine ya anga, ina picha kali."

Picha kali! Ndugu yangu, picha zinarusha dadu?

Starfinder inadai dadu ya pande 20, sasa hiyo tunaitoa wapi? Madukani nimezunguka, sijaiona. Basi tukaambiwa kila mtu apakue programu ya dadu kwenye simu. Kijana mmoja akapiga ishirini kavu mara tatu mfululizo, simu kaielekeza kifuani kama mtu anayesoma meseji ya mchepuko. Nikamwambia, ssebo, hebu nione. Kioo kikazima ghafla, ati chaji imeisha. Dadu ya ludo ikianguka mezani mnaiona wote, hata umeme ukikatika mnaimulika kwa mshumaa.

Na kanuni zenyewe za toleo lile la kwanza! Mhusika mmoja ana stamina, ana uhai, ana pointi za moyo, ana kinga moja ya risasi na nyingine ya leza. Bunduki zina viwango hadi 20, kwa hiyo bastola iliyokulinda mwezi uliopita leo ni kichezeo. Pambano moja na majambazi wanne lilitula saa mbili na nusu. Chapati ziliisha kabla ya majambazi.

Kilichoniuma zaidi ni meli yetu. Kwenye Traveller meli unaichukua kwa mkopo: kila mwezi unalipa sehemu moja ya 240 ya bei yake, kwa miaka 40. Piga hesabu, unailipa mara mbili. Mwenzetu mwenye boda ya mkopo aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akanyamaza, halafu akawa mchezaji mkali kuliko sisi sote. Kila mruko wa nyota wiki nzima, na meli ya tani 200 inakula tani 20 za mafuta kwa mruko mfupi kabisa. Alikuwa anapanga mizigo kwenye daftari lilelile analoandikia marejesho yake! Tulipohamia Starfinder deni likafutwa, meli ikawa ya bure. Yeye hajarudi tena.

Najua mtu atakuja hapa kunihubiria Stars Without Number, gemu nyingine ya anga. Sina ugomvi nayo, ina toleo la bure, na ujuzi unarushia dadu mbili. Lakini risasi zikianza tu, unarudi kwenye pande 20 zilezile. GURPS, gemu nyingine ya kuigiza, inatumia dadu tatu za kawaida, ningevumilia, ila kuunda mhusika mmoja ni kazi ya mhasibu.

Na anayesema dadu mbili ni za kitoto, akae ahesabu. Kufikisha 8 bila nyongeza ni nafasi 15 kati ya 36. Ukiwa na ujuzi wa 2, zinakuwa 26. Asiye na ujuzi kabisa anakatwa 3, anabaki na nafasi 3 tu. Rubani anaonekana ni rubani, mpishi anaonekana ni mpishi. Kwenye pande 20, kila nyongeza ni asilimia 5 ileile, mpishi naye anatua meli kwa bahati.

Mwendeshaji, najua unasoma humu. Jumapili nakuja na dadu zangu. Kama bado umeng'ang'ania picha, nirudishie elfu 35 yangu, na wewe ndiye utakayempigia simu jamaa wa boda umweleze deni lake lilikwenda wapi.