Kila kitu ruksa Zanzibar hii isipokuwa karafuu ya Mpemba

Assalaam aleykum jamani. Nshakaa kimya sana lakini leo nasema, na wa kukasirika akasirike.

Hii serikali ya Dk. Mwinyi kila siku inatwambia Zanzibar imefunguka, uchumi wa buluu, wawekezaji karibuni, visiwa vidogo vinakodishwa, bandari ya Malindi 2023 wakapewa Wafaransa waiendeshe, Terminal 3 kule uwanja wa ndege kampuni ya Dubai. Sawa, tumeambiwa ndo soko huria, serikali haifanyi biashara, kazi yake kuweka mazingira tu. Sasa n'ambieni kitu kimoja, hilo soko huria boti yake haifiki bandari ya Mkoani hapa Pemba? Maana mie mwenye mikarafuu yangu, niliyoachiwa na babu, ninayoipalilia kwa pesa yangu, siruhusiwi kumuuzia mtu hata kilo moja ila shirika la serikali, kwa bei ya serikali, kwa mizani ya serikali. Nikimuuzia mwengine mie mhalifu. Mgeni anakodi kisiwa kizima anaweka bei ya chumba anayotaka mwenyewe na hakuna wa kumuuliza, mie na gunia langu la karafuu natafutiwa askari.

Kwa nyie wa mjini ambao karafuu mnaijua kwenye pilau, ngoja niwape kidogo. Mkarafuu mrefu halafu matawi yake si ya kuaminika, kila msimu hapa Pemba watu wanaanguka, wengine wanavunjika mgongo na ndo basi tena. Mchumaji umlipe kwa pishi, tena siku ile ile jioni, hana habari na wewe utalipwa lini na shirika, usipompa kesho yuko shamba la jirani. Usiku ukumbi mzima mnakaa mnachambua, konyo, vile vijiti vyake, upande huu karafuu upande huu, mama, watoto, wageni, mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Asubuhi unatoa majamvi uanike, na kilo tatu mbichi ndo unapata moja kavu, na hiyo ni kama Mungu kakupa jua, vuli ikikubania siku mbili tatu mawingu imeshakuwa mpeta hiyo, imeharibika, kwisha. Ukimaliza yote hayo unakwenda kituoni, jamaa anatia mkono ndani ya gunia, anatoa kidogo, anaivunja, anaitazama, "daraja la pili". Unamwambia bwana hii mbona kavu hii, anakwambia kama hutaki rudi nayo. Nirudi nayo wapi?? Mfanyabiashara wa kawaida ukimwambia mteja rudi nayo anakwenda duka la pili. Sie duka la pili ni jela.

Haya bei. Kilo ya daraja la kwanza ilikaa kwenye 14,000 misimu na misimu, mchele unapanda, mafuta ya kula yanapanda, ujira wa kuchuma unapanda, karafuu iko pale pale. Ukiuliza unajibiwa mkulima anapata asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Mashaallah. Asilimia 80 ya ngapi? Mzigo wa msimu uliopita ulikwenda India au Singapore au Dubai kwa dola ngapi tani moja, nani kanunua, lini? Petroli hapa Zanzibar kila mwezi ZURA, wale wadhibiti wa bei za mafuta, wanaita waandishi wanatangaza bei mpya, mpaka sababu ya kupanda na kushuka wanasema. Karafuu ambayo ndo iliyojenga nchi hii hakuna anayekuja Wete au Chake akasimama akasema tuliuza kwa kadhaa, gharama zetu kadhaa, lenu hili. Tuamini tu. Na hapo mjini Darajani mtalii anauziwa kipaketi cha karafuu kinachojaa kiganja kwa bei ambayo mkulima wa Mzambarauni akiisikia anaweza kuzimia.

Kinachoniuma zaidi ni historia yenyewe. Aliyefungua biashara Zanzibar ni nani kama si mzee Ali Hassan Mwinyi, Mungu amrehemu, alipokuwa Rais wa Zanzibar 1984, na Waziri Kiongozi wake Maalim Seif? Wazee watakwambia kabla ya hapo kitambaa foleni, mchele foleni, sabuni foleni. Wakaruhusu watu waingize bidhaa, maduka yakajaa, mzee akaenda bara 1985 akaitwa Mzee Ruksa mpaka leo. Mwanawe leo ndo Rais, na mwanawe naye ana ruksa zake, hoteli ruksa, visiwa ruksa, bandari ruksa, ruksa ya karafuu tu ndo imepotea njiani miaka arobaini na kitu. Ingekuwa karafuu inaota Nungwi au Paje kule Unguja huu ukiritimba ungekuwa ushafutwa zamani, nasema wazi na sitaki kuambiwa naleta Uunguja na Upemba, walioleta ni hao waliotupangia.

Najua nyie wa kijani, watu wa CCM, mtakuja hapa na majibu yenu yale yale. Miche ya bure. Sawa miche tunapewa, lakini mche nilipewa bure na mti nimeulea miaka saba nane ndo niuze kwa lazima kwa aliyenipa mche? Fidia ya walioanguka, kheri, ila fidia mnunuzi yeyote anaweza kutozwa kodi ikalipwa. Mtasema mlanguzi atawaibia wakulima, shirika linalinda bei isiporomoke. Basi shirika libaki! Nani kasema livunjwe? Libaki liwe mnunuzi mmoja kati ya wanunuzi, bei yake ikiwa nzuri kama mnavyosema sote tutapanga foleni kwao wenyewe bila ya bunduki. Madagaska mkulima anamuuzia mfanyabiashara binafsi na karafuu yao imejaa duniani. Mnaogopa nini?

Halafu magendo. Kila msimu viongozi wanapanda jukwaani, magendo ya karafuu ni kuhujumu uchumi, askari wanamwagwa bandari bubu zote, usiku huwezi kutoka pwani na ngalawa ukasema unakwenda kuvua ukaeleweka. Mtu haendi Mombasa na mashua usiku bahari ya mkondo ule kwa sababu anaipenda Mombasa, anakwenda kwa sababu ya tofauti ya bei. Hapa kijijini kwetu kuna kijana kakamatwa na magunia ya shamba la baba yake, narudia, la baba yake, hakumwibia mtu, sheria ya 2014 inasema ni kosa. Mnataka kuondoa magendo? Pandisheni bei au fungueni soko, magendo yanakufa usiku mmoja bila ya askari hata mmoja.

Na kwa nini hawalifanyi hilo? Kwa sababu hawatuhitaji. Pemba 2015 tulichagua CUF, wapinzani, majimbo yote, tarehe 28 Oktoba Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, akasimama peke yake kwenye tv akafuta uchaguzi wa Zanzibar nzima, Machi 20 2016 wakarudia wenyewe kwa wenyewe na Pemba yote ikawa CCM, maajabu yale. 2020 na 2025 kukawa na kura ya mapema, uchaguzi siku mbili, askari na watendaji wanatangulia jana yake, na 2025 intaneti ikazimwa juu. Ndani ya mambo hayo mwakilishi gani atakwenda Barazani Chukwani akapiga meza kwa ajili ya karafuu? Anajua kiti chake hakukipata kwa mchumaji wala mchambuaji. Maridhiano ya CCM na CUF, 2010 tulipiga kura ya maoni, asilimia 66 tukasema ndio, tukaambiwa serikali ya umoja, nchi ni ya wote. Umoja huo ukaishia kwenye magari na vyeo, kwenye mizani haukufika.

Barabara naziona, hospitali za wilaya zile za pesa ya UVIKO naziona, msijichoshe kuniletea picha. Sijauliza barabara.

Ninachouliza ni hichi, na kama kuna mwakilishi wa Pemba, wa chama chochote, anasoma hapa aende nacho Baraza kikao kijacho: serikali ilete bei halisi ya kila tani iliyouzwa nje misimu mitano iliyopita, na jina la mnunuzi, na iseme lini sheria inarudishwa ibadilishwe mkulima auze anapotaka. Tarehe tu tupeni. Wa kunijibu kwa matusi ajibu ila kwanza aandike yeye kauza karafuu ngapi msimu uliopita, na kituo gani.