Nilikuwa jaji wa mashindano ya wanafunzi Lindi. Ripoti ina kurasa 38 na haina hata alama moja

Wakuu, heshima zenu.

Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na zile nyuzi za "elimu imekufa". Mambo ya elimu siyajui, mimi ni fundi. Nataka swali moja tu lijibiwe: karatasi za alama ziko wapi?

Nina karakana hapa Lindi mjini, mwaka wa 19 huu nachomelea na kuchonga vyuma. Novemba iliyopita niliombwa niwe jaji kwenye mashindano ya uhandisi ya wanafunzi wa sekondari. Siku mbili, timu 18, mashine za kumpunguzia kazi mkulima wa kusini. Siyo MAKISATU, yale mashindano ya ubunifu ya wizara yaliyoanza 2019, kwa hiyo msianze kutaja watu. Waandaaji walitoka Dar na wafadhili wao, wakipita hapa watajijua. Nilikubali bila kudai senti, nikafunga karakana siku mbili.

Wiki iliyopita usiku umeingia ujumbe kutoka simu ya mwalimu wa shule moja ya upande wa Nachingwea. "Shikamoo fundi. Mimi ni yule wa mashine ya korosho ya baiskeli. Tunataka kutengeneza nyingine, tunaomba kujua tulikosea wapi."

Miezi minne, wakuu. Miezi minne watoto wanne hawajui kama walikuwa wa nne au wa kumi na nane. Walichorudi nacho kwao ni tisheti, na tisheti zenyewe saizi ya baba zao.

Ndipo nikaifungua ripoti. Ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp tangu Januari, na mimi kama wengine niliandika "hongereni sana" bila kuisoma. Hilo ni kosa langu, nalikiri kabla hamjanisema. Sasa nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu.

Picha 31. Mgeni rasmi yumo kwenye 17. Mashine zimeonekana kwenye picha sita, na nne kati ya hizo zimezibwa na mgongo wa mtu. Ukurasa mzima wa nembo. Jedwali la chakula, mpaka soda zimehesabiwa. Ukurasa wa 12 umeandikwa kwamba mashindano haya "yatawagusa moja kwa moja wakulima wa pamba wa mkoa huu". Pamba! Lindi! Yaani hata kufuta zao la mkoa mwingine kumewashinda.

Alama? Hakuna. Hakuna jumla, hakuna wastani, kuanzia nafasi ya nne mpaka ya 18 ni kama hawakuja kabisa. Kuna washindi watatu na maneno "majaji walijiridhisha". Jaji ni mimi. Sikujiridhisha.

Niwaeleze ilivyokuwa. Fomu ilikuwa na vipengele vitano, kila kimoja alama 20: tatizo na jinsi walivyolichunguza, usanifu, utendaji wa mashine, usalama, gharama. Fomu nzuri, sina ugomvi nayo. Kwenye utendaji ilitakiwa kila mashine ifanye kazi mbele yetu dakika 15, tupime. Siku ya pili tukaambiwa mgeni rasmi anawahi ndege Mtwara, ratiba inasogezwa, majaribio yafutwe, watoto waeleze kwa mdomo. Kwa hiyo moja ya tano ya alama zote imetolewa kwa mashine ambazo hakuna aliyeziona zikizunguka. Aliyejua kuongea alipata, aliyejua kuchomelea akabaki anatafuta maneno.

Ukurasa wa 19: "Mashine zote zilijaribiwa na zilifanya kazi kwa ufanisi." Huu ni uongo. Sina neno jingine la heshima la kuuitia.

Msafara ulipoondoka niliwaita wale watoto wa Nachingwea chini ya mwembe nyuma ya ukumbi. Nikawaambia leteni hizo korosho, kanyageni. Mashine yao ina pedali na mnyororo wa baiskeli, na visu viwili vya springi ya gari vinavyolibana ganda. Tukahesabu korosho 100, moja moja, mimi na mwalimu wao. 58 zilitoka nzima, 27 zikavunjika, 15 zikapita kama zilivyoingia.

Kwa asiyejua biashara hii: soko linalipa korosho nzima. Ndiyo maana madaraja yanatajwa kwa idadi, ukisikia W320 ni karanga nzima (yaani viini vya korosho) zisizozidi 320 kwenye ratili (pauni) moja. Kipande hakiingii humo, kinauzwa bei yake ya huzuni. Kwa hiyo hizo 58 ndizo alama za kweli za ile mashine, kuliko hotuba yoyote. Na sababu ya 27 na 15 ilikuwa wazi: visu vimefungwa kwa pengo moja, korosho zimemiminwa zikiwa saizi mchanganyiko. Ndogo inapita haijaguswa, kubwa inakatwa mpaka karanga yake. Dawa yake chekecheo tu, uzitenge kabla ya kuzimimina. Halafu hawakuzipitisha kwenye mvuke, ganda lilikuwa bado linang'ang'ania. Na hawakuweka kava, mafuta ya ganda yakawa yanaruka. Mmoja yalimpata kwenye kifundo cha mkono, na wote tunajua yanavyounguza. Bibi yeyote aliyebangua korosho kwa mkono kule Ruangwa atakuonyesha viganja vyake. Kwenye usalama niliwapa 6 kati ya 20, na ningewapa 6 tena leo.

Hayo yote niliyaandika nyuma ya fomu kwa mwandiko unaosomeka, nikikusudia yawafikie. Fomu zikakusanywa kwenye boksi la maji ya kunywa, boksi likapanda gari, gari likaenda Dar.

Mkulima wa hapa akipeleka gunia lake ghalani, korosho inapimwa, inapewa daraja, naye anarudi na stakabadhi mkononi. Tumeuanza mfumo huu kwenye korosho 2007, tumeulalamikia sana, lakini karatasi unayo: kilo hizi, daraja hili. Kwa nini wanao wapeleke kazi ya miezi mitatu warudi mikono mitupu? Hii ni kangomba, ule ununuzi wa korosho wa magendo. Umechukua mali ya mtu kwa kibakuli, hukumpimia, hukumwandikia, na picha umepiga naye.

Sasa sehemu inayoniuma mimi binafsi. Tulikuwa majaji wanne, vyumba viwili, wawili wawili. Chumba chetu timu tisa, chumba cha pili tisa. Mimi ni mkali, karakana nzima inajua. Wastani wa alama nilizotoa mimi ni 54. Jaji mmoja wa chumba cha pili aliniambia tukila kwamba hakuna aliyempa chini ya 70, "watoto tusiwavunje moyo". Mtu mwema, simlaumu. Lakini washindi wote watatu wametoka chumba chake. Walikuwa bora kweli, au sisi wa chumba cha kwanza tulikuwa na kalamu nzito? Hakuna anayeweza kujua, kwa sababu hakuna timu hata moja iliyoonwa na vyumba vyote viwili. Wangezungusha hata timu tatu tu kwa majaji wote wanne, ungeona nani mkali na nani mlegevu, ukasawazisha kabla ya kutangaza. Hata kama walishindwa siku ile, wangeweza kuliona baadaye kwa kuziweka alama zote kwenye jedwali moja. Kazi ya jioni moja. Ripoti inayoitwa ya tathmini ilikuwa na miezi miwili. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mimi mwenyewe nimewanyima watoto zawadi kwa ukali wangu, na siwezi kuwaomba radhi kwa uhakika wala kujitetea kwa uhakika.

Halafu wanajisifu asilimia 98 ya washiriki "waliridhika sana". Niliiona ile dodoso ikijazwa. Iligawiwa kwenye foleni ya nauli. Unatia tiki, unasaini, unapokea hela ya basi. Swali la kwanza: Je, umefurahia mashindano? Ndiyo au Hapana. Mtoto wa Liwale ana usiku wa safari mbele yake na mtu aliyeshika nauli anamtazama, unategemea aandike nini? Aliyetia Hapana namtafuta nimpe kazi.

Kama ungetaka kujua walichojifunza, ungewauliza jambo la kazi kabla na baada. Gia kubwa ikizungusha ndogo, mwendo unaongezeka au unapungua? Waulize Jumatatu, waulize tena Jumatano, hesabu tofauti. Kufurahi tu hata kwenye harusi watu wanafurahi.

Na mashine zenyewe. Tatu zilichukuliwa "kwa maonyesho na tathmini zaidi", mojawapo ile ya baiskeli, ambayo haikushinda chochote, nafikiri kwa sababu inapendeza kwenye picha. Haijarudi. Sisi watu wa Lindi tunaijua hiyo "kwa utafiti zaidi". Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya yule mjusi mkubwa (dinosaria) wa Tendaguru, wazee wetu wakaibeba vichwani mpaka bandarini hapa, leo kasimama Berlin urefu wa zaidi ya meta 13 na watu wanalipa kumtazama. Lakini hata wale waliandika mfupa upi umetoka shimo lipi. Sisi tumechukuliana wenyewe kwa wenyewe na hatujaandikiana hata risiti.

Msiniambie haiwezekani. Wanafunzi wa vyuo Marekani wana mashindano ya magari yanaitwa Formula SAE, yapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alama 1,000: usanifu 150, gharama 100, kuwasilisha mpango wa biashara 75, na ule mzunguko mrefu wa kupima kama gari linastahimili una 275 peke yake. Matokeo yanatolewa timu kwa timu, kipengele kwa kipengele. Aliyezimika njiani anaandikwa kwamba hakumaliza, na mwaka unaofuata anajua pa kuanzia. Karatasi ya aina hiyo haihitaji hela ya Marekani. Inahitaji mtu wa kunakili namba 18 mara tano.

Nimewaandikia waandaaji mara tatu kwa ustaarabu. Mara ya kwanza, "tumepokea, fundi". Mara ya pili, alama ya dole gumba. Mara ya tatu nikaambiwa karatasi ni "nyaraka za ndani". Za ndani ya wapi? Mwandiko ni wangu!

NYONGEZA, saa 3 usiku: Kuna mkuu amesema labda ripoti iliandikwa kabla ya mashindano, kwa sababu faili linaonyesha liliundwa siku tano kabla. Hapo nitawatetea. Kuwa na kiolezo mapema si dhambi, hata mimi nina kiolezo cha ankara. Dhambi ni kutoa kiolezo kama kilivyo ukakiita matokeo, pamba ikiwa ndani.

Na wewe uliyeniita chawa wa timu iliyoshindwa: wale watoto walipata 51 kutoka kwangu. Kama huo ndio uchawa, basi mimi ni chawa mbaya sana.

NYONGEZA, kesho yake asubuhi: Nimepigiwa simu, niondoe uzi kwa sababu "tunaharibu nafasi ya Lindi kuletewa tena mwakani". Nimemjibu kwa utulivu, kisha nimekata.

Wengi mnauliza kama nina ushahidi. Nina mazoea ya kupiga picha kila karatasi ninayoisaini, wateja wa mageti ndio walionifundisha. Fomu zangu tisa zote zipo kwenye simu, mbele na nyuma. Nilikuwa sijazitoa kwa sababu nilitaka wenye mashindano wazitoe wenyewe. Sitaziweka hapa, msiniombe, alama za mtoto si za kupita kwenye magrupu. Kila timu itapata yake tu, na shule sita kati ya tisa nimeshawapata walimu wao.

Nachingwea naenda mwenyewe Jumamosi. Nimewachomelea chekecheo moja la mfano, mengine watatengeneza wao. Jaji wa chumba cha pili, naona umo humu tangu jana na hujasema neno. Basi linaondoka saa 12 asubuhi, siti ya pili nimeilipia.