Filta za narobendi kupiga nebula ya Carina ukiwa Arusha, nianze na ipi?

Anga_Ilboru:
Wakuu salama? Nipo Ilboru huku juu, nina Canon ya kawaida haijaguswa ndani, lenzi ya 200mm na treka ndogo ya kuzungusha kamera ifuate nyota. Nataka nebula ya Carina, lile wingu la gesi linalong'aa, NGC 3372, maana Ulaya karibu yote hawaioni kabisa na sisi tunayo. Shida upande wa kusini ndo taa zote za mji ziko, anga linakuwa la kijivu, na nikivuta eksposha dakika mbili nyota zinachora mistari. Naona watu wanapiga kwa narobendi, zile filta zinazopitisha rangi finyu tu za mwanga, hadi katikati ya miji mikubwa. Ninunue ya haidrojeni alfa peke yake au ile ya bendi mbili?

fundi_lenzi (Njiro):
Mkuu anza na kamera. Mwanga wa haidrojeni alfa ni nanomita 656.3, wekundu mzito, na Canon ikitoka kiwandani ina kioo mbele ya sensa (kile kibati cha ndani kinachopokea picha) kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga huohuo unaoutafuta. Halafu sensa ya rangi kila pikseli nne moja tu ndo nyekundu, mbili kijani moja bluu, so ukifunga haidrojeni tupu robo tatu ya sensa imekaa bure. Kwa kamera yako chukua bendi mbili, inapitisha na oksijeni ya nanomita 500.7 ambayo inaangukia kijani na bluu, hapo sensa yote inafanya kazi. Zile rangi za Hubble, darubini ya angani, kama picha ya Nguzo za Uumbaji ya 1995, ni filta tatu tofauti, salfa wameipa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni bluu, hiyo utaifikia baadaye. Mimi hela ya kwanza ningempa fundi anayejua kutoa kile kioo.

Mama_Kibo (Moshi):
Njiro kasema kweli ila mistari haihusiani na filta, tena ukifunga filta itazidi maana mwanga unapungua na itabidi uvute dakika tatu mpaka tano. Tatizo ni kulenga ncha, ile sehemu ya anga ambayo nyota zote zinaizunguka, treka lazima ielekee pale. Ncha ya kusini ya anga kwetu ipo digrii 3 na kidogo juu ya upeo, vidole viwili ukinyoosha mkono, imejificha nyuma ya nyumba na migomba, na Polaris, nyota ya ncha ya kaskazini, ipo chini ya upeo. Stendi nyingi zimetengenezwa kwa nchi za mbali na ikweta, hazilali mpaka digrii 3. Mimi miguu miwili ya kaskazini naiinua, wa kusini naufupisha mpaka ekseli ya treka ilale, halafu nafunga mfuko wa mchanga isipinduke. Kulenga tumia programu ya NINA kwenye laptopu, ina nyongeza inapiga sehemu tatu za anga inakokotoa umekosea kiasi gani bila hata kuiona ncha.

Na msimu jamani!! Carina jioni inakaa vizuri wakati wa masika, mawingu matupu. Mwishoni mwa Januari anga ni kavu ila inafika juu kabisa saa tisa usiku, na juu kabisa yenyewe kwetu ni digrii 33 tu, unapiga kupitia vumbi na moshi wote. Vumbi hakuna filta inayolikata. Ukiwa Ilboru unapiga juu ya mji mzima, shuka upande wa kusini wa Njiro au njoo huku tuelekee Kahe, taa zinabaki mgongoni.

Anga_Ilboru:
Asanteni sana, dada hapo kwenye miguu ya tripodi umenifungua. Na mbalamwezi je? Wanasema narobendi unapiga hata mwezi mpevu.

fundi_lenzi (Njiro):
Haidrojeni inavumilia, oksijeni inaumia sana, mwanga wa mwezi unatawanyika zaidi huko kwenye bluu na kijani. Na bendi mbili zinaingia pamoja so chagua usiku wa giza. Kabla Carina haijapanda piga M42, nebula ya Orion, mwishoni mwa Januari inapita karibu utosini saa nne kasoro usiku, mbali na taa zako. Katikati kwenye Trapezium, kile kikundi cha nyota, panawaka sana, ongeza picha za sekunde chache uje uzichanganye, la sivyo pale kati panaungua peupe.

Mama_Kibo (Moshi):
Usiku wa kwanza usifunge filta yoyote. Shusha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), nyoosha treka mpaka dakika tatu nyota zitoke duara, ndo uagize.