Mapromota wa Mwanza, sisi wasanii wa kike hatuitwi "warembo kibao", tuna majina

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kusubiri zipoe, maana kila nikisubiri naishia kunyamaza na nimeshanyamaza miaka mingi mno.

Jumatano nimepanda daladala Buhongwa naenda mjini, tumefika Mkuyuni foleni, nachungulia dirishani naona bango la shoo yetu ya Jumamosi hii, shoo tuliyoifanyia mazoezi wiki tatu. Kuna picha ya kiongozi wa bendi na jina lake herufi kubwa, chini yake mpiga solo jina lipo, mpiga drams lipo, mpaka DJ wa kufungulia muziki kawekwa jina na namba ya simu. Halafu chini kabisa kwa rangi ya njano: NA WAREMBO KIBAO.

Hao warembo kibao ni sisi watu wanne. Mimi ndo naimba nyimbo sita kati ya kumi na moja za usiku huo, mbili nimetunga mwenyewe, na moja kati ya hizo niliitunga nimekaa kwenye benchi la wodini mwanangu ana dripu mkononi. Mwenzangu mmoja anapiga tumba, na anapiga kweli. Wawili wanacheza, na mmoja wao ndo anawafundisha stepu wanaume wote wa bendi. Warembo kibao!

Nikashuka nikampigia promota hapohapo barabarani. Akanijibu, dada yangu hilo neno ndo linaleta watu, jina lako nani analijua?

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Jina langu nani analijua. Ngoja niseme.

Nimeanza kuimba kwaya ya kanisani Nyakato nina miaka kumi na nne. Baadaye nikaingia kikundi cha ngoma, tukawa tunacheza bugobogobo na majembe yetu, na tumecheza Bulabo, lile tamasha la ngoma la Wasukuma, pale Bujora, Kisesa, mwezi wa sita, vyama viwili vya ngoma vinashindana, Bagika na Bagalu. Kwa ambao hamjawahi kufika, pale pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Hakuna cha bango wala MC wa kukupamba, mtu anasimama katikati anasikiliza huku, anasikiliza kule, akiona kwenu kumepoa anahama na wenzake. Nimeimba pale nikaona watu wanahama kuja upande wetu, wazee wa watu na mikongojo yao. Sasa mtu ambaye hajawahi kushika hata kayamba ananifundisha mimi kinacholeta watu?

Halafu maigizo. Miaka mitatu tumezunguka mialo ya wavuvi, Igombe, Kayenze, tukavuka mpaka Ukerewe, tunaigiza habari za ukimwi na ile biashara ya mwanamke kuambiwa samaki hapewi mpaka alale na mwenye mtumbwi. Hakuna steji, unaigiza mchangani pembeni dagaa wameanikwa, jua la saa nane, upepo wa ziwa unakula sauti kwahiyo unaongea kwa kifua mpaka jioni huwezi hata kusema asante. Mimi nilikuwa naigiza mama mnunuzi anayekataa. Siku moja Kayenze tumemaliza, watu wametawanyika, akanifuata mama mmoja na beseni lake la dagaa akakaa chini akaniambia yale uliyoyasema ndo yangu. Tulikaa pale mpaka giza likaingia. Mwaka jana nimepita Mwaloni Kirumba kununua sangara, nikasikia naitwa kwa nguvu, jina langu kamili na la baba yangu, nageuka ni yeye! Ana genge lake sasa. Miaka yote hiyo analikumbuka jina langu, promota ninayemfanyia kazi mwezi wa nne huu anasema halijulikani.

Na hata huko kwenye maigizo tuliibiwa. Unasaini karatasi ya posho imeandikwa elfu hamsini, unapewa elfu ishirini, ukiuliza unaambiwa mama kama hutaki wapo wengi. Sitaji shirika wala mtu, wenyewe wanajijua.

Tangazo je? Kuna tangazo la redio sauti ni yangu, nimelipwa mara moja elfu arobaini, mwaka wa tatu huu linapigwa. Nalisikia kwenye daladala ya Igoma nimebanwa mlangoni, sina hata nauli ya kurudia.

Kwenye bendi ndo usiseme. Makubaliano elfu sitini kwa usiku mmoja. Chumba cha kubadilishia nguo ni stoo ya bia, unavaa umesimama katikati ya makreti, mlango hauna komeo, mmoja anavaa mwingine anaushikilia. Mnamaliza saa tisa usiku, malipo elfu ishirini na tano, eti nyingine imekatwa ya sare. Sare tumeshona wenyewe! Mpiga solo kaondoka na elfu themanini na kapelekwa nyumbani na gari, sisi bodaboda, mwanamke usiku ule, kila mtu na kwao.

Na sio kwamba wanawake wa sanaa hawajulikani. Siti binti Saad katoka Fumba huko Zanzibar alikuwa anauza vyungu, mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri, na santuri zikatoka na jina lake yeye, sio mrembo wa Unguja. Karibu miaka mia imepita! Bi Kidude, Mungu amrehemu, mpaka anafariki 2013 alikuwa mwimbaji wa taarabu, mpiga ngoma wa unyago, mtengeneza hina na wanja, kazi zote hizo mtu mmoja, na mwaka 2005 dunia ikampa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho makubwa ya muziki wa kimataifa, kwa jina lake. Saida Karoli ni wa ziwa hilihili, Bukoba hapo, kaimba Kihaya na nchi nzima ikaimba naye hata wasioelewa neno, na mwaka 2016 Diamond na Rayvanny walipotaka wimbo wa kuvuma walirudi kwenye Maria Salome yake. Vicky Kamata kaimba, mwaka 2010 akaingia bungeni viti maalum kutoka Geita. Khadija Kopa wa taarabu katuletea na binti yake Zuchu juu. Sasa wote hawa wangeanza kwa kuandikwa warembo kibao nani angewajua?

Maana jina ndo mtaji wetu. Mwanaume kwenye bango jina lipo, kesho anaitwa harusini, keshokutwa Shinyanga, bei inapanda. Mimi mtu akipenda sauti yangu ataniulizia vipi, yule mrembo wa tatu kutoka kushoto?

Naombeni msaada kwa wanaojua sheria. Najua kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na hiyo hakishiriki ndo inatuhusu sisi tunaoimba na kuigiza hata kazi ambayo hatukuitunga. Nataka mwenye mfano wa mkataba mfupi wa Kiswahili, karatasi moja tu, wa shoo na wa tangazo la redio, auweke hapa nitoe kopi niwagawie wenzangu. Na mods tafadhali msiuunganishe huu uzi na zile za umbea wa wasanii.

Kuna mtu kanifuata PM anasema nisiharibu riziki yangu kwa ajili ya bango. Riziki gani kaka, elfu ishirini na tano?

Leo saa mbili usiku nimemwandikia promota: majina yetu manne yaandikwe kwenye lile bango, hata kwa makapeni, na hela yote tupewe kabla ya kupanda jukwaani, la sivyo nyimbo zangu mbili haziimbwi Jumamosi na mpiga tumba haji. Wenzangu wote watatu wameniambia nitume. Tiki mbili za bluu tangu saa mbili na dakika tano, hajajibu.